Radi ya Ukutani kwa Gaudensia

Jumatatu, 15 Aprili

Nimeshushwa ukutani.

Si mimi mwenyewe, ni picha yangu. Lakini mimi naona ni kitu kilekile. Tangu Gaudensia afungue hoteli yake hapa Makoko, Musoma, kila anayeingia ukumbi wa chakula huona kwanza picha yangu kubwa, mawe ya ziwani jua likichomoza, ndipo anaona sahani ya samaki sato. Mgeni wangu yeyote lazima nimpeleke pale. Tunakaa chini yake. Nasubiri aulize nani kapiga. Asipouliza, namuuliza mimi kama anajua nani kapiga.

Leo nimefika nikamkuta fundi rangi yuko juu ya ngazi, na picha yangu imeegemezwa kwenye kreti za soda, uso umegeukia ukuta. Kama mwanafunzi aliyepewa adhabu! Gaudensia akasema nisinune. Hoteli inapakwa rangi, inafunguliwa upya sikukuu ya Muungano, na mawe kila mtu keshayaona, yako pale nje, dirisha linatosha. Safari hii anataka radi.

Radi!

Akatoa simu. Nikajua hata kabla hajaiwasha. Ni ile picha ya Alawi wa Bunda, inayozunguka kwenye magrupu yote tangu Pasaka. Radi inashuka mpaka majini, na matawi yake yote. Ameipiga kwa simu. Kwa simu! Mimi nina studio katikati ya mji, nina kamera ya kweli, nina lenzi inayohitaji begi lake peke yake. Halafu mtu anayechapisha kalenda na kuuza kava za simu ndiye anakuja kunishusha ukutani.

Nikamwambia Gaudensia kwamba radi mimi huwa nazipigaga kila msimu, ila sipendi kujionyesha. Uongo huo ulitoka wenyewe, sikuusukuma. Gaudensia akanitazama kwa huruma. Akasema haya, Magesa wangu, niletee basi hiyo yako kabla ya Muungano, nitaweka itakayonigusa.

Nyumbani nikamweleza mke wangu. Marieta aliacha kuchambua mchele. "Baba Fredy, wewe wa kupiga radi? Wewe ambaye puto likipasuka harusini unaanguka na kamera?"

Ilitokea mara moja. Na sikuanguka. Niliinama.

Jumanne, 16 Aprili

Hakuna wingu hata la dawa. Nimeshinda studio nikizikumbuka radi zangu, asije mtu akasema sizijui.

Kuna ile ya Nyegina, nikiwa shule ya msingi. Mvua imetufungia darasani, mwalimu wa hesabu kaandika swali la sehemu ubaoni, kaniita mimi. Nimeshika chaki. Sijui chochote. Radi ikapiga mkaratusi wa nje, mwalimu akatoka mbio kuliko sisi, na lile swali likaishia hapo. Ndiyo radi pekee niliyowahi kuipenda.

Halafu ile ya harusi yetu. Padri ameuliza kama kuna mwenye pingamizi, anyooshe mkono sasa. Paaa! Kanisa likatetemeka mpaka maua yakadondoka altareni. Shangazi zake Marieta wakaangaliana. Padri akangoja kidogo, kama anayempa mwenye radi nafasi aongeze neno, kisha akaendelea. Hii naisimuliaga kila harusi ninayopiga picha, watu wanacheka mpaka wanashika mbavu.

Marieta anasema haikuwa radi. Anasema ni jenereta ya ukumbini ililipuka, na kwamba nilimwacha bibi harusi peke yake nikakutwa nyuma ya kinanda. Hakuna picha ya kutuamua. Mpiga picha wetu naye alikuwa nyuma ya kinanda.

Jumatano, 17 Aprili

Imekuja! Saa kumi na moja jioni, wingu jeusi upande wa ziwa, limevimba kama maandazi.

Nyumbani tayari ilikuwa ni shughuli. Ngurumo ikisikika mbali, hata iwe ya lori, Marieta hufunika vioo. Kioo cha kabati. Televisheni. Kioo cha kunyolea. Picha ya ubatizo wa Fredy, kwa sababu ina kioo. Marehemu mama yake alimfundisha kwamba radi ikijiona kwenye kioo inaingia ndani kujifuata. Sufuria zote zinatolewa uani, mwenye nguo nyekundu anabadilisha. Leo aliivua miwani yangu usoni akaifunga kwenye taulo. Nilikuwa nasoma.

Nikaichukua tena, nikaenda ufukweni. Nilisimamisha stendi ya kamera, nikafunga mwavuli juu yake kwa kamba. Kina mama walikuwa wanazoa dagaa mchangani kabla mvua haijafika. Mmoja akanisihi nitoe hicho chuma, baba, utatuletea msiba. Nikamweleza kuhusu sanaa. Akaendelea kuzoa.

Radi ya kwanza. Nikabonyeza. Ya pili, nikabonyeza. Ya tatu ilipiga karibu hivi, nikabonyeza kwa nguvu. Nikarudi nimelowa hadi kwenye soksi, lakini moyo unacheka. Nikafungua kompyuta.

Giza. Giza. Mguu wangu wa kushoto. Mbwa. Giza. Mawingu mazuri sana ambayo radi imeshaondoka. Ndoo ya dagaa.

Kamera yangu inachelewa, hiyo ndiyo shida. Marieta anasema habari imefika nyumbani kabla yangu: wale kina mama wanasema kuna mzee alikuwa ufukweni anapiga picha amefumba macho.

Yalikuwa matone ya mvua.

Ijumaa, 19 Aprili

Nimeenda Bunda kupeleleza.

Mpango: Alawi ananijua kwa jina, hajawahi kuniona. Naingia kwake kama mteja wa kawaida, napiga pasipoti saizi, huku nampeleka taratibu kwenye habari za radi mpaka atapike siri yote. Nilivaa kofia ya Fredy. Nilijiita Mihayo, mfanyabiashara wa alizeti.

Alawi ni mtu mnene, mpole, kanzu safi, sauti ya kumbembeleza mtoto. Akanikalisha kwenye kigoda, akaninyoosha kidevu, akasema mzee tulia. Nikauliza, kama mtu asiyejali, hivi radi huwa mnaipataje pataje? Akanieleza yote! Hata sikumsukuma. Alisema usiifukuze, huwezi kuiwahi. Iache kamera jicho lake wazi, iangalie tu giza kwa muda mrefu, wewe ondoka kabisa, usiiguse. Radi itajipiga yenyewe. Hata simu siku hizi inaweza.

Nilitabasamu. Ananiona mtoto mdogo! Mpiga picha gani anaondoka kwenye kamera yake? Ni wazi alijua nimetumwa, akanipa siri ya uongo.

Picha ikatoka. Nimefumba macho. Akapiga nyingine. Nimefumba. Alawi akasema kwa upole kwamba mwanga wake huwa unawashtua wengi, asijali mzee Mihayo, akarudia mpaka akapata moja ambayo jicho moja liko wazi. Nilipokuwa mlangoni akaongeza, "Nisalimie Mama Fredy, kaka. Na pole kwa lile la ukutani."

Nimerudi Musoma, kofia ya Fredy nimeivuta mpaka puani.

Jumamosi, 20 Aprili

Butiama! Nilikuwa wapi sikufikiria Butiama? Kule kuna vilima na mawe, radi inapiga kwa nafasi, hakuna wazoa dagaa wala wasengenyaji. Na yuko shemeji yangu Elias, kaka yake Marieta, nyumba yake iko chini kabisa ya kilima.

Elias alinipokea vizuri, ugali wa mtama na maziwa ya mgando, mpaka nilipofungua begi. Akaniuliza kama nimepita kwa mzee Wambura. Nikasema Wambura gani. Akashika kichwa. Kumbe kwao mvua ina wenyewe. Ukoo wa mzee Wambura ndio watu wa mvua tangu enzi za mababu, na mgeni mwenye shughuli ya mvua anapita kwanza pale kusalimia, ndiyo adabu. Nikamwambia shemeji, mimi sina shughuli na mvua, nina shughuli na radi. Elias akasema hapo ndipo penyewe.

Nikaahidi nitapita wakati wa kurudi. Wingu lilikuwa tayari limekaa, na wingu halisubiri mtu amalize kusalimia wazee.

Nikapanda. Nikasimamisha stendi juu ya jiwe kubwa, nimeifunika nailoni nyeusi. Nikaelekeza juu. Watu waliokuwa wanatoka mnadani wakasimama huko chini. Nikawapungia mkono. Hawakupunga.

Kabla hata tone moja halijadondoka nikafuatwa. Nimepelekwa kwa mwenyekiti wa kitongoji, na stendi yangu imebebwa na vijana wawili kwa fimbo ndefu, hakuna anayetaka kuigusa. Swali lilikuwa moja tu: mgeni wa nani huyu, amekuja na chuma cha miguu mitatu kuita radi, na radi hiyo anampelekea nani?

Nilieleza kwa muda mrefu sana. Nikaonyesha kamera. Nikawapiga picha ya pamoja, wakafurahi, wakataka na ya familia moja moja. Nilidhani yameisha. Mwenyekiti akasema vizuri, tumeelewa ni kazi, ila kwa usalama wa wananchi mgeni atamke mbele ya wote kwamba leo hakuna radi. Nilikuwa na njaa. Nikasimama, nikaweka mkono kifuani, nikasema leo hakuna radi, na kesho pia hakuna. La kesho niliongeza mwenyewe, kwa ukarimu.

Nilipokuwa natoka, bibi mmoja anaitwa Rhobi akanivuta pembeni ya ghala. Akauliza kwa kunong'ona kama ninayo radi ndogo. Si ya kuua. Ya kushtua tu. Kuna mtu anamwibia ndizi. Nikamwambia bibi, mimi napiga picha. Akasema najua mwanangu, usiseme kwa sauti, akaniwekea mkungu mzima mikononi.

Ndizi nilipokea. Ningekataa angehuzunika.

Jumapili, 21 Aprili

Jua. Jua la kukausha mihogo! Wingu lote la jana limekunjwa kama mkeka.

Asubuhi nikasikia sauti za watu uani kwa Elias. Nikadhani wamefuata picha zao. Wamefuata mvua. Mahindi yanatoa mbelewele, yanahitaji maji wiki hii, jana wingu lilikuwa limeshafika, nani amelifukuza? Nikasema si mimi. Mwenyekiti akaniuliza, kwa heshima kabisa, kama jana sikusimama mbele ya watu, mkono kifuani, nikasema leo na kesho hakuna. Mashahidi ni kitongoji kizima. Tena ninyi wenyewe mlinilazimisha, nikasema. Akasema sisi tulikuomba ufunge radi, mzee, si mvua. Na ya kesho nani alikuomba?

Jana nilikuwa naleta radi, leo nimefunga mvua! Maisha yangu yote sijawahi kupewa madaraka makubwa hivi, na nimeyapata bila kuyataka.

Elias akanipeleka kwa mzee Wambura kuomba radhi. Mzee alikuwa anatengeneza redio. Habari ya mvua hata hakuigusa. Kilichomuuma ni kwamba nimekula, nimelala, nimepanda mpaka kilimani, na sikubisha hodi kwake. Hata kwa chai? Alirudia hilo la chai kama anayezungumzia msiba. Nikamwachia ndizi za Bibi Rhobi. Akalainika. Ndipo akasema mvua yenu ya jana ilishapinda tangu asubuhi, upepo ulikuwa wa kwenda kwenu. Ungekuja ningekwambia. Sasa hivi iko Musoma.

Simu ikaita palepale. Marieta. Alikuwa anapiga kelele kushinda ngurumo. Baba Fredy, huku ni radi juu ya radi! Ziwa lote jeupe! Uko wapi?

Nilikuwa Butiama, juani, nakunywa chai.

Jumanne, 23 Aprili

Mungu hapendi picha zangu. Basi nitatumia akili.

Nyuma ya soko kuna fundi wa kuchomelea mageti, Felisiani. Moto wake unaruka mweupe, una matawi, una kila kitu cha radi isipokuwa kelele. Nimempanga tangu asubuhi. Nikatundika nailoni nyeusi nyuma yake, nikamwambia achomelee polepole, kwa hisia. Felisiani akauliza hisia ni nini kwenye geti. Nikapiga. Na macho nimeyafungua! Nikapachika ziwa chini kwa kompyuta, ziwa lile lile la picha yangu ya mawe. Kazi nzuri. Nilijitazama mwenyewe kwa heshima.

Nikampelekea Gaudensia. Akavaa miwani. Akaisogeza, akaisogeza tena. Akasema Magesa, hii radi ni kali kweli. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Akasema ila ina bawaba.

Nikatazama. Ilikuwa na bawaba. Na kitasa.

Nikaanza kusema kwamba radi nyingine za ziwani... Sentensi hiyo haikuwa na mahali pa kwenda. Gaudensia alicheka mpaka akakaa kwenye kreti, karibu kabisa na picha yangu ya mawe, ambayo bado imegeukia ukuta. Alipomaliza akafuta machozi akaniambia bila mzaha kwamba Alawi keshatuma picha iliyochapishwa kubwa, na fremu imefika. Nina mpaka kesho jioni. Baada ya hapo anagongelea msumari.

Usiku sikula. Marieta akaniuliza kwani huo ukuta una nini. Nikasema hauna kitu. Halafu nikasema: nikifa, studio Fredy ataifanya duka la vocha. Kitu pekee nilichowahi kufanya ambacho watu wanakitazama bila kunijua ni kile. Marieta akanisogezea tu sahani ya dagaa. Huwa ananilisha akiwa na huruma, na hapo ndipo hasira zinanizidi.

Alhamisi, 25 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Jana alasiri wingu likaja lenyewe, mpaka nyumbani. Si la kufuatwa! Limekuja kama mgeni, limesimama juu ya paa letu. Nikasema hii ndiyo yangu. Stendi nikaiweka barazani, kamera inaangalia ziwa, mwavuli nimeufunga juu yake kuzuia maji. Na kwa kuwa njia zangu zote zimeisha, nikajaribu ile ya Alawi. Jicho la kamera wazi, ijipige yenyewe moja baada ya nyingine, mimi nisiiguse.

Nikaingia ndani. Marieta anadai nilijificha chini ya kitanda. Nilikuwa natafuta kandambili.

Ikapiga. Ee Mungu wangu. Ikapiga mkaratusi wa jirani, hatua chache kutoka barazani kwetu! Nyumba ikawa nyeupe ndani, nikaona mpaka vumbi la chini ya kitanda. Kuku wakanyamaza mtaa mzima. Nikajua nimeipata. Hata ningekuwa nimelala ningejua. Hakuna mtu Musoma, Bunda wala Butiama mwenye radi ya karibu hivyo!

Nikatoka mbio nimevaa kandambili moja.

Kamera haipo. Maana yake ipo, lakini haionekani. Juu ya mwavuli, mpaka chini mbele yake, kimening'inia kitenge. Ni kitenge cha Marieta, chenye picha za kuku na vifaranga. Amefunika! Amefunika kamera!

Nikamuuliza, kwa sauti ambayo jirani wa mkaratusi aliacha kuulilia mti wake akaja kusikiliza, kwa nini, Mama Fredy, kwa nini? Akashangaa kabisa. "Si ina kioo?"

Ina kioo.

Akaendelea kueleza, mikono kiunoni, kwamba amefunika kabati, amefunika televisheni, amekuta jicho la kioo kubwa kama sahani limeachwa wazi linaitazama radi usoni, angefanyaje, aniache mjane? Na akaonyesha mkaratusi. Imepiga pale. Haikupiga hapa. Nieleze kwa nini haikupiga hapa, Baba Fredy.

Nimetazama picha: kuku. Nikaitupa kamera kitandani, nikaja kulala studio juu ya benchi la wateja. Sikupeleka kitu kwa Gaudensia. Jioni imepita. Msumari umeshagongwa.

Ijumaa, 26 Aprili. Muungano

Sikutaka kwenda. Marieta akaja studio amevaa vizuri, akaniambia twende, usipoenda watasema unanuna. Nikasema nanuna. Akasema nuna ukiwa pale, kuna pilau.

Ukumbi umejaa. Rangi mpya. Alawi alikuwepo, kanzu nyeupe, akanisalimia mzee Mihayo, habari za alizeti. Nikasema njema. Pale ukutani, mahali pangu, fremu kubwa imefunikwa shuka. Picha yangu ya mawe nimeikuta njia ya kwenda chooni. Nikajifariji kuwa chooni kila mtu anaendaga, hata asiyekula.

Gaudensia akashukuru wageni, akashukuru Muungano, akasema alikuwa na radi nzuri sana ya Alawi, nayo ipo mapokezi, kila anayeingia ataiona. Lakini juzi jioni ameletewa nyingine, akaitazama mpaka chakula kikaungua. Akavuta shuka.

Chini yake kulikuwa na kitenge.

Nikapiga kelele, nakiri, nilipiga kelele ukumbi mzima: bado kuna nguo nyingine! Toeni na hiyo!

Watu wakageuka kunitazama. Hakuna aliyetoa kitu. Ndipo nikaona. Kitenge kilikuwa ndiyo picha. Radi ya mkaratusi imekiwasha kwa nyuma, uzi kwa uzi, kuku wote wanawaka kama wamemeza balbu, vifaranga wana moto kwenye manyoya, na pembeni, pale kitenge kilipoishia, ufa mwembamba mweupe unashuka mpaka ziwani. Sijui niandikeje. Kina mama wa dagaa walikuwa wamesimama bila kutafuna. Mmoja akasema taratibu, hivi ndivyo tunavyoionaga sisi. Tukiwa tumejifunika.

Alawi akasogea karibu. Akavua kofia yake. Akasoma kibandiko kwa sauti: Imepigwa na Marieta wa Makoko.

Marieta! Kumbe siku ile nilipoitupa kamera na kwenda kulala benchini, alikuta ile picha akaipenda, akaipeleka kwa Gaudensia aichapishe, pamoja na zawadi ya sato wawili. Alawi akamuuliza, kwa unyenyekevu wa fundi kwa fundi, Mama, umefanyaje? Marieta akameza pilau kwanza.

"Nilifunika."

Alawi akaitikia kwa kichwa kama ameambiwa jambo kubwa. Gaudensia akauliza kibandiko hakijakosewa? Nikasema stendi ilikuwa yangu. Akasema ataongeza chini, kwa herufi ndogo, stendi ya Magesa.

Tulirudi kwa miguu. Marieta akasema nimerudi ukutani, basi furahi. Nikamwambia si mimi, ni kuku. Akanishika mkono, akasema hatujafanya hivi barabarani tangu kanisani, siku ya jenereta. Ya radi, nikasema. Akasema haya, ya radi.

Siku nzuri, kwa kweli. Inaudhi.

Jumapili, 28 Aprili

Nimeigundua njia! Wapiga picha wa dunia nzima wanahangaika na radi tupu, hawajui siri ni kitenge. Sasa kwa kuwa nimeijua, nitapiga ya kwangu, kubwa kuliko ile, yenye jina langu. Gaudensia ana ukuta mwingine jikoni.

Wingu limekuja saa kumi na mbili kasoro. Nikaweka stendi palepale barazani, mwavuli palepale. Safari hii nikafunika mwenyewe, kwa kitenge cha Marieta cha Jumapili, cha kijani chenye samaki. Nikanyoosha mikunjo. Nikaacha kamera wazi, nikaingia ndani, nikaenda kuangalia tena zile kandambili.

Ikapiga mara moja, ziwani, ndefu, nyumba ikatikisika. Nikatoka mbio.

Marieta amesimama barazani, kitenge cha samaki amekikumbatia, amekunja vizuri. Akatabasamu kwa furaha ya mke aliyesikia alichoambiwa. Akasema nimekiona kimefunika kamera, nikakumbuka ulivyonifokea, nikawahi kutoa. Nimeogopa, Baba Fredy, lakini nimetoa. Kwa ajili yako.

Nikafungua picha nikiwa nimeshajua.

Radi tupu. Imeshuka kutoka juu kabisa mpaka majini, na matawi yake yote, imesimama katikati ya ziwa kama mti, mawe yangu yote chini yamewaka, hata mtumbwi mmoja unaonekana na mtu wake ndani ameinua uso. Hakuna samaki hata mmoja. Kama ya Alawi tu.

Nimeifuta.

Kesho asubuhi naenda Bunda kununua kitenge.